Magari kuukuu ya dizeli Turkana: Uhai wake uko kwenye filta, si kwenye karai

Dizeli inayouzwa Lodwar imesafiri kuliko wengi wanaoinunua. Hushushwa melini Mombasa, ikasukumwa kwenye bomba la Kenya Pipeline hadi Eldoret, kisha ikapakiwa kwenye malori yanayopitia Kitale na Kapenguria, yakateremka Kamatira, yakapenya Marich na kukata tambarare za Kainuk na Lokichar. Anayeitaka Kakuma huingoja kilomita nyingine 120 hivi. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, inapotangaza bei mpya, wenye magari wa Turkana huisoma orodha wakijua tayari kwamba safari hiyo yote imeingizwa kwenye bei yao. Septemba 2023, lita ya dizeli ilipita Sh200 hata Nairobi.

Na chini ya tambarare hizo hizo kuna mafuta. Kisima cha Ngamia 1, karibu na Lokichar, kilitangazwa Machi 2012. Kuanzia Juni 2018 malori yalibeba mafuta ghafi ya Turkana hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ikaondoka nchini. Haikuwezekana kuyasafishia hapa: kiwanda cha Changamwe kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta tangu 2013. Mwenye gari wa Lodwar akabaki ananunua dizeli ya ng'ambo huku mafuta ya kwao yakipelekwa ng'ambo.

Katika hali hiyo, haishangazi kwamba kuna swali linalojirudia gereji na vibandani: je, Land Cruiser kuukuu haiwezi kutiwa mafuta ya kupikia ikaenda? Jibu la haraka ni kwamba inaweza. Jibu kamili ni refu zaidi, na linaanzia mbali na karai la mandazi. Linaanzia kwenye boneti ya gari lenyewe.

Yalikotoka magari haya

Ukikaa Nawoitorong, kando ya mji wa Lodwar, ambako wanawake wa Turkana waliunda kikundi na kuendesha nyumba ya wageni iliyojengwa kwa vifaa vya hapa hapa, utaona historia ya kaunti hii ikiegeshwa uwanjani. Magari meupe ya mashirika yamesimama kando ya pikapu zilizopauka rangi, na mengi ya hayo yaliyopauka yaliwahi kuwa meupe.

Operesheni ya misaada ya Lifeline Sudan ilianza mwaka 1989, na Lokichoggio, mji mdogo karibu na mpaka, ukawa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa, ilipowapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kupitia Ethiopia. Kazi hiyo ilihitaji magari yanayovumilia, na yaliyoletwa kwa wingi ni Toyota Land Cruiser za familia ya 70, pamoja na Land Rover na Hilux. Shirika likimaliza muda wake na gari, huliuza. Mfanyabiashara hulinunua, hulitumia kubebea mbuzi, magunia na abiria, na gari linaanza maisha ya pili.

Land Cruiser nyingi za aina hiyo zina injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Haina turbo wala kompyuta ya kuamua dizeli iingie lini. Pampu ya nozeli husukuma dizeli kwa nguvu ya chuma na springi, na fundi mwenye spana, taa na subira anaweza kuifungua na kuielewa. Land Rover ya 300Tdi ya miaka ya 1990 nayo kwa kawaida haina kompyuta, ingawa namna yake ya kuchoma dizeli ni tofauti, na tofauti hiyo tutaikuta mbele.

Hii ndiyo sababu magari haya hayajatoka barabarani. Hilux mpya ikizima kati ya Lokichar na Kainuk kwa hitilafu ya sensa, inangoja kuvutwa na kupelekwa kwenye mashine ya kuisoma. Gari la 1HZ likizima, mara nyingi tatizo ni hewa, maji au uchafu kwenye dizeli, na dawa yake iko kwenye boksi la vifaa. Wapo pia watu wa kuitoa dawa hiyo. Wamisionari wa Kikatoliki wa Don Bosco wamekuwa wakifundisha ufundi Kakuma tangu miaka ya mwanzo ya kambi, umakanika ukiwemo, na darasani hukaa wakimbizi pamoja na vijana wenyeji. Utaalamu upo. Kinachokosekana mara nyingi ni nidhamu ya mwenye gari.

Vumbi, joto na maji ya kisima

Kitabu cha servisi kiliandikwa kwa ajili ya dunia nzima, lakini ndani yake kuna ukurasa ambao wengi huuruka: ule wa matumizi magumu. Turkana nzima imo kwenye ukurasa huo. Lodwar ina wastani wa joto la nyuzi 30 hivi, mvua yake kwa mwaka ni takriban milimita 200, na upepo wake haupumziki. Gari linaloishi humo halingoji kilomita 10,000 ili libadilishwe oili. Kilomita 5,000 ni kikomo, na kama gari husimama likiunguruma saa nzima ili ac ipoze abiria nje ya mkutano, basi hata hizo 5,000 ni nyingi, kwa sababu injini huhesabu saa ilizofanya kazi hata kama magurudumu hayakuzunguka.

Adui wa kwanza ni vumbi. Filta ya hewa ikiziba, injini hukosa pumzi, hutoa moshi mweusi na kula dizeli zaidi. Ikitoboka ni hatari zaidi, kwa sababu mchanga mwembamba huingia kwenye silinda na kuzisugua kuta zake na ringi za pistoni. Usiipige filta kwenye tairi ili kuikung'uta. Ipulize kwa upepo usio mkali kutoka ndani kwenda nje, kisha iinue juani uitazame: ukiona tundu la mwanga, itupe. Baada ya hapo kagua mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, maana klampu iliyolegea hupitisha vumbi lile lile ambalo filta imelizuia.

Adui wa pili ni dizeli chafu. Kwenye njia ndefu watu hununua kwa madumu na mapipa, na dumu la juzi huenda lilibeba maji. Maji ndani ya pampu ni kutu, na pampu ya aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Haina oili nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo, dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huiua polepole, kwani mafuta taa hayana utelezi wa kutosha. Uchakachuaji huo ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kikombe cha kutenganisha maji kilicho chini ya filta ya dizeli kifunguliwe na kumwagwa kila wiki, na filta yenyewe isizidi kilomita 10,000. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya kufungua pampu.

Adui wa tatu ni joto, na hapa mazoea mabaya yamekita mizizi. Fundi akiona injini inachemka, huondoa thamostati na kuitupa, akiamini maji yatapita vizuri zaidi. Kwenye injini nyingi za Toyota kinachotokea ni kinyume: thamostati hiyo hufunga pia njia ya mkato, na ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye radiata. Kosa lingine ni kujaza radiata maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya Turkana yana chumvi na madini, na madini hayo huganda kwenye mirija ya radiata hadi yanaiziba. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi yaliyoondolewa madini, na uhifadhi dumu moja la akiba kwenye gari.

Kisha kuna mkanda wa taimingi. Kwenye 1HZ kitabu kinasema ubadilishwe kila kilomita 100,000. Tatizo ni kwamba gari lililonunuliwa kwenye mnada huja na dashibodi isiyoaminika na daftari lisilokuwepo. Usibahatishe. Hesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa, ubadilishe na uandike tarehe, kwa sababu ukikatika barabarani, valvu na pistoni hugongana na gharama yake hukaribia ya injini nyingine.

Mwisho, jifunze kuusoma moshi. Moshi mweusi husema hewa ni kidogo au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu husema injini inachoma oili yake. Moshi mweupe asubuhi ukiondoka baada ya dakika chache ni baridi au hita plagi iliyochoka, ila ukiendelea kutwa huku maji ya radiata yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Anayeyajua haya atamwambia fundi tatizo kabla fundi hajaanza kubahatisha kwa pesa zake.

Wazo la zamani, lililoanza na Afrika

Tukirudi kwenye mafuta ya kupikia, watu huyataja kana kwamba ni ugunduzi wa jana. Sivyo. Rudolf Diesel, mhandisi wa Ujerumani, alichapisha nadharia ya injini yake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini ikathibitishwa kwa vipimo huko Augsburg. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Kifaransa ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alieleza baadaye, mwaka 1912, kwamba wazo hilo lilitoka kwa Serikali ya Ufaransa. Karanga zililimwa kwa wingi kwenye makoloni yake ya Afrika, na ilitaka kujua kama makoloni hayo yangeweza kujipatia nishati kutoka shambani bila kuletewa makaa wala petroli. Diesel aliamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yangekuwa na uzito mkubwa. Alipotea baharini Septemba 1913 akivuka kwenda Uingereza.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, wazo lilirudi kupitia Kongo. Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kuyageuza mafuta ya mimea, yakiwemo ya mawese, yawe mepesi yafanane na dizeli. Mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo kati ya Brussels na Louvain. Hiyo ndiyo biodizeli, na mizizi yake imo kwenye michikichi ya Kongo. Petroli ya bei nafuu ililifunika wazo hilo kwa miongo mingi, hadi bei ilipopanda na dunia ikalifukua.

Kwa hiyo mtu asimcheke anayeuliza kama gari lake linaweza kwenda kwa mafuta ya alizeti. Anauliza swali ambalo mvumbuzi mwenyewe alilichukulia kwa uzito. Tunachopaswa kumwambia ni kwa nini wazo lililofanya kazi Paris lina masharti barabarani.

Yanavyofanya kazi, na yanavyoua

Tofauti kubwa kati ya dizeli na mafuta ya mimea ni uzito wa mtiririko. Kwenye nyuzi 40, mafuta ya mimea ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Nozeli iliyotengenezwa kutoa ukungu mwembamba hutoa matone. Matone hayaungui yote. Yanayobaki hugeuka masizi magumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, na mengine huteremka kwenye sampu yakachanganyika na oili. Humo, kwa joto, hushikamana na kuifanya oili nzito kama uji uliolala, na injini inayolainishwa kwa uji haifiki mbali.

Dawa yake ni joto. Mafuta ya mimea yakipashwa hadi nyuzi 70 au 80, uzito hupungua sana na nozeli huweza kuyanyunyiza. Ndiyo sababu waliolifanya jambo hili kwa umakini Ulaya, hasa kwenye Mercedes-Benz za zamani za W123, huweka tangi mbili. Gari huwashwa kwa dizeli. Maji ya moto ya injini huzungushwa kuyapasha mafuta ya tangi la pili, na dereva hubadilisha baada ya injini kupata joto. Kabla ya kuzima, hurudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli zilale zikiwa safi. Asiyefuata utaratibu huo huamka na pampu iliyoganda.

Hapa Lodwar ina nafasi ambayo Ujerumani haina. Mchana wa nyuzi 35 huyafanya mafuta yawe mepesi kuliko yalivyo kwenye majira ya baridi ya Munich. Hata hivyo nyuzi 35 hazitoshi kwa nozeli, na barabara ya Turkana haibaki Turkana. Lodwar iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000. Mafuta mengi ya kupikia tunayouziwa Kenya yanatokana na mawese ya Malaysia na Indonesia, na sehemu yake nzito huganda kwenye ubaridi wa kawaida wa nyanda za juu. Gari lililojazwa Lodwar likiwa na mafuta yanayong'aa linaweza kulala Kapenguria na kuamka likiwa na filta iliyojaa samli.

Aina ya injini nayo huamua. 1HZ, pamoja na 2L, 3L na 5L za Hilux za zamani, huchoma dizeli kwanza kwenye chumba kidogo kabla haijafika kwenye silinda, na chumba hicho husamehe mafuta yasiyonyunyizwa vizuri. 300Tdi ya Land Rover hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, na haina msamaha huo: masizi hujengeka haraka. Pampu ya mzunguko iliyo kwenye magari haya yote nayo hupata taabu ikilazimishwa kusukuma mafuta mazito yakiwa baridi. Na gari lolote jipya lenye mfumo wa shinikizo la juu unaoongozwa na kompyuta, kuanzia D-4D za Hilux na kuendelea, lisitiwe mafuta ya mimea hata tone. Nozeli zake zina uwazi mwembamba mno, na nozeli moja tu hugharimu pesa ndefu.

Anayeamua kujaribu kwenye injini inayofaa ayajue masharti haya. Mafuta yaliyotumika yaachwe yatulie kwa wiki kadhaa, yachotwe kutoka juu, na masalia ya chini yatupwe. Yapashwe moto taratibu ili maji yatoke: ukisikia yakipasuka-pasuka, bado yana maji. Yachujwe hadi kwenye filta ya maikroni 5 au chini ya hapo. Yachanganywe kidogo, sehemu moja kwa tisa za dizeli, na isiwe alfajiri wala safari ya milimani. Oili ya injini ibadilishwe kwa nusu ya kilomita za kawaida. Filta ya dizeli ya akiba ikae ndani ya gari, kwa sababu mafuta ya mimea hubandua uchafu wa miaka mingi kwenye tangi na kuupeleka mbele.

Njia ya pili ni biodizeli: kuchanganya mafuta na methanoli na magadi makali, mafuta yakageuka mepesi na gliserini ikazama chini. Biodizeli nzuri hukaribia dizeli kwa tabia. Lakini ninaandika hili kwa msisitizo: isitengenezwe nyuma ya nyumba. Mei 2014, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine, na baadhi ya walionusurika wakapofuka. Sumu hiyo huingia pia kwa kupumuliwa na kupitia ngozi, na moto wake mchana hauonekani kwa urahisi. Kibanda cha bati chenye watoto mlangoni si kiwanda cha kemikali.

Mafuta hayo yatatoka wapi?

Tuseme gari linafaa na mwenyewe ni mwangalifu. Bado kuna hesabu. Land Cruiser ya 1HZ hula takriban lita 13 kwa kilomita 100. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300, yaani lita 40 hivi kwenda tu. Ukichanganya sehemu moja kwa tisa, umeokoa lita 4 za dizeli. Kwa mafuta mapya ya dukani hujaokoa kitu, kwa maana bei ya lita ya mafuta ya kupikia imekuwa mara nyingi juu ya ile ya dizeli. Inabaki hesabu ya mafuta yaliyotumika.

Nairobi ina hoteli, viwanda vya vibanzi na mikahawa ya kuku inayomwaga mafuta kwa madebe. Lodwar na Kakuma hazina wingi huo. Mama anayekaanga mandazi kando ya barabara, Msomali wa sambusa kwenye soko la kambi na Muethiopia mwenye mkahawa hawamwagi: huongeza mapya juu ya yale yaliyopungua. Shule hupika githeri na wali. Ukikusanya masalia ya mji mzima kwa wiki, utajaza tangi chache tu.

Na hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo wapenzi wa magari hulipita haraka. Kakuma na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yana zaidi ya watu 200,000 wanaotegemea kwa kiasi kikubwa msaada wa chakula, na mafuta ya kupikia ni sehemu ya mgawo huo. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilikata mgawo hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachohitajika. Upande wa wenyeji, ukame wa 2020 hadi 2022 uliangamiza mifugo ya Turkana mbele ya macho ya wenyewe. Lita ya mafuta ya kupikia katika nchi hii ni nguvu ya mtoto kumaliza siku. Debe la msaada likiishia kwenye tangi la gari, hilo haliwezi kuitwa ubunifu. Ni kumnyang'anya mtu sahani.

Wapo waliotafuta njia ya tatu: mmea usioliwa. Katikati ya miaka ya 2000, wakulima wa Kenya na Tanzania waliambiwa kwamba mbono kaburi hustawi kwenye ardhi kame bila maji wala mbolea na kutoa dizeli. Mwaka 2009, utafiti uliofadhiliwa na Ujerumani, wakishiriki wataalamu wa kilimo-misitu wa ICRAF na KEFRI, uliwatembelea wakulima wa Kenya na kukuta mavuno duni mno. Ushauri wake ulikuwa kwamba mkulima mdogo aupande kama ua wa boma tu. Mmea huo huishi bila maji, ila hauzai. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji, na mwaka 2011 mradi ukaanguka huku wanavijiji wakibaki bila ardhi na bila ajira walizoahidiwa. Anayekuja Turkana kuahidi mashamba ya dizeli kwenye malisho ya mbuzi aulizwe kwanza kuhusu Kisarawe.

Njia iliyofaulu kiasi ni ya kiwanda. Nanyuki, kampuni ya Eco Fuels Kenya ilikamua mafuta ya mbegu za krotoni zinazookotwa chini ya miti iliyopo tayari. Makueni, kampuni ya Kiitaliano ya Eni ilifungua mwaka 2022 kituo cha kukamua nyonyo, krotoni na pamba, na mafuta yake yakasafirishwa hadi kiwanda cha Gela, Italia. Mei 2023, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wenye mafuta ya ndege ya kibiolojia kutoka Eni. Ni hatua ya maana, ingawa inafuata njia ile ile ya Ngamia 1: malighafi huondoka, na kilichosafishwa hununuliwa.

Msimamo wangu

Baada ya kuyapima yote, msimamo wangu ni huu. Wazo la Diesel ni sahihi, na Lodwar yenye joto lake ni mahali linapoweza kujaribiwa kwa heshima, lakini mahali pake ni vyuo vya ufundi na injini za kusimama, kama jenereta na pampu za maji, ambazo hukaa sehemu moja, hufanya kazi kwa mwendo mmoja na huweza kuangaliwa kila siku. Chuo kikikusanya mafuta yaliyotumika, kikayasafisha, kikaendesha jenereta na kuifungua kila mwezi mbele ya wanafunzi, kitatoa mafundi wanaojua kwa macho yao nini hutokea kwenye nozeli. Serikali ya Kaunti ya Turkana na mashirika yanayouza magari yake hapa wana uwezo wa kulipia somo hilo.

Mwenye gari la barabarani ana njia ya kuokoa pesa iliyo karibu zaidi. Filta ya hewa iliyoziba, nozeli zinazotiririka, tairi zisizojaa upepo na breki inayokwama hula dizeli kuliko hizo lita 4 za karai, na kuzirekebisha hakuhatarishi pampu wala chakula cha mtu. Nunua daftari la shule. Andika tarehe, kilomita, oili, filta na mkanda. Likabidhi kwa dereva, na siku ukiliuza gari, mpe mnunuzi daftari hilo pamoja na funguo.

Kwa mafundi wa Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, ninyi ndio mliobakiza magari haya barabarani wakati vitabu vyake vilishapotea: msikubali mteja awaambie muondoe thamostati, na msimtilie mafuta ya mimea kwenye injini msiyoijua. Kwa wenye magari: chakula kibaki jikoni, dizeli safi ibaki kwenye tangi, na servisi ifanyike kabla gari halijaiomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kati ya Lokichar na Kainuk hakuna wa kukuuzia mawe.